Hatua Kumi na Nne kwa Saba

Mwaka huu niliitwa Butiama kuwafundisha akina mama namna ya kumpata mteja na kumtunza. Aliyeniita ni ofisa maendeleo ya jamii, binti mwenye adabu na simu mbili, aliyesikia kwamba Musoma mjini kuna mwanamke aliyeanza na turubai moja lililotoboka na sasa anakodisha maturubai sita, viti mia tano na sufuria za kulisha ukoo mzima. Aliniomba nije na uzoefu wangu. Aliniomba pia nije na turubai, kwa sababu ukumbi walioahidiwa ulikuwa na kikao cha wakubwa. Nikaenda kama mwalimu na kama mkodishaji kwa safari moja, na hilo lenyewe lilikuwa somo, ingawa hakuna aliyeliandika.

Walikuwa kama arobaini. Wauza maziwa, washonaji, wenye vibanda vya chai karibu na ofisi za wilaya, wawili watatu waliotoka Buswahili na mizigo yao ya mihogo. Niliwaambia yale yanayosemwa kila mahali: tabasamu, fika kwa wakati, usimdanganye mteja, pokea simu hata kama unakula. Wakaandika. Niliwaangalia wanavyoandika nikawahurumia kidogo na kuwacheka zaidi. Mimi sijawahi kumpata mteja kwa tabasamu. Wateja wangu niliwapata kwa kuwatembelea wakiwa wanakufa. Hilo sikulisema pale, na ndilo ninaloliandika hapa.

Biashara hii niliianza kwa hasira. Baba yangu alipofariki, nyumbani kwetu Guta, hapakuwa na turubai. Mvua ilianza kunyesha mchungaji akiwa katikati ya neno. Watu waliokuja kumzika baba wakakimbilia kwenye zizi la jirani, wakasimama na ng'ombe, na mama akabaki na jeneza na mwavuli mmoja wa kuazima. Shangazi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba marehemu alikuwa na watoto lakini hakuzaa. Nilimchukia shangazi yule mpaka alipokufa, na nilipofunga turubai kwake nilimfungia lile bovu kuliko yote.

Mvua ile ndiyo iliyonifanya niuze cherehani yangu ninunue turubai. Nilikuwa na nia moja tu kichwani: siku mama yangu atakapoondoka, aondoke chini ya kitu kizuri, na kiwe changu. Yote mengine niliyofanya, mazuri na machafu, nilijidanganya kwamba yanaelekea huko.

Mwanzoni nilijaribu harusi. Harusi ni kazi ya watu wenye subira, na mimi sina. Mteja wa harusi ana kamati. Kamati ina mwenyekiti, katibu na shangazi wa bwana harusi ambaye hajachangia kitu lakini anataka mapazia ya rangi ya maziwa. Wanakuzungusha miezi mitatu, wanakuita kwenye vikao, wanakunywesha soda moja, kisha wanamchukua mwingine kwa sababu viti vyake vina vitambaa. Mfiwa hana miezi mitatu. Mfiwa ana asubuhi moja. Anachukua turubai la kwanza linaloingia uani, na akilichukua hilo hana nguvu ya kuuliza la pili. Kwa hiyo nikaachana na wanaooana nikahamia kwa wanaokufa.

Ila nako nilipigwa. Kwenye kijiji kimoja cha ufukweni, huko kwenye rasi wanakovua sato na dagaa, nilifika kabla ya wote. Nilifunga turubai vizuri, kamba zimekaza, viti vimepangwa, nikajiona bingwa. Wazee wa ukoo wakafika, wakasimama katikati ya viti vyangu, mmoja akachomeka fimbo chini. Kaburi lilitakiwa pale. Kwetu tunazika nyumbani, uani, na kila nyumba ina upande wake. Tulifungua turubai lote mbele ya waombolezaji, wanawake wakiwa wamekaa kwenye viti na sisi tunawaomba wanyanyuke, na mjane akaacha kulia ili atutazame. Ukoo ule haukuniita tena.

Tangu siku hiyo niliapa sitafunga kamba nyumbani kwa mtu kabla sijajua atalala wapi. Na kulijua hilo kunataka uende mapema, yeye mwenyewe akiwa bado anakukaribisha.

Ndipo nilipoanza kusali sana. Kila kanisa kwetu lina matangazo, na matangazo hayo yana orodha ya wagonjwa wa kuombewa. Jumamosi nilikuwa na wanaosali Jumamosi. Jumapili asubuhi nilihudhuria ibada ya kwanza mahali pamoja, saa nne nikawa mahali pengine. Nilikaa kiti cha mbele na daftari. Ikisomwa kwamba mama fulani wa mtaa fulani figo zimegoma, mimi naandika mtaa. Mchungaji mmoja alinitolea mfano mbele ya kanisa zima, akasema laiti waumini wote wangekuja na kalamu kama mama huyu. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilikuwa namalizia kuandika nyumba ipo upande gani wa barabara.

Halafu nilikwenda kuona mgonjwa. Nilibeba kilo mbili za sukari kwenye mfuko wa kaki, siku zote kilo mbili, siku zote mfuko ule ule, nilikuwa nainunua kwa jumla. Nilikaa kitandani, nikampa pole, nikaomba naye. Kuomba nilikuwa naomba kweli, sitaki mtu aseme nilikuwa naigiza. Kisha nilitoka nje kunyoosha miguu, nikatembea uani taratibu kama mtu aliyeguswa na huzuni, na miguu yangu ikawa inahesabu. Kutoka ukutani mpaka kwenye ua wa minyaa. Kutoka jikoni mpaka makaburi ya wakubwa. Kama kuna mpapai utabidi ukatwe, au kamba ipite juu. Nikiondoka pale nilikuwa nalijua turubai gani linaingia, mlango wake utazame wapi, na mkwe gani ndiye mwenye sauti.

Kuhusu huyo mwenye sauti, hili ndilo jambo la maana kuliko yote niliyojifunza, na akina mama wa Butiama wangelipata bure kama ningekuwa na ujasiri. Mteja msibani ni yule asiyelia. Anayegaragara chini hana mamlaka, mwache mpaka siku ya tatu. Mtafute aliyesimama pembeni na simu, macho makavu, watu wanamfuata kumuuliza chumvi iko wapi. Huyo ndiye mteja. Mpe pole fupi, mwambie gari liko njiani, na usimtajie bei mpaka akuulize. Mara nyingi haulizi, anaona haya. Niliishi kwa haya za watu kwa miaka mingi na nikajenga nyumba ya vyumba vinne.

Wakati mwingine wagonjwa walikuwa wananiangusha. Kuna mzee mmoja Buswahili nilimpelekea sukari mara tatu na mara tatu akapona. Mara ya nne alinipigia simu mwenyewe.

"Mama, nasikia kifua kinabana," alisema. "Na sukari ndani imeisha. Nikasema nikwambie mapema, usije ukachelewa."

Alicheka mpaka akakohoa. Yule mzee alikuwa amenijua toka siku ya kwanza na alikuwa ananinywea sukari yangu kwa makusudi. Alikufa wiki ambayo mimi nilikuwa nahangaika na msiba mkubwa Bunda, na nilipofika kwake nilikuta turubai la mtu mwingine.

Huyo mtu mwingine ndiye mshindani wangu. Ni mwalimu mstaafu wa Bunda. Wakati ule alikuwa na maturubai mawili yaliyochuja, viti vya rangi kila aina utadhani aliviokota, na kigari cha kirikuu kinachopanda kilima kwa kuombewa. Wanaume wake wawili wa kufunga walikuwa wazee kuliko baadhi ya marehemu. Nilimdharau kwa moyo wote. Kilichonichekesha zaidi ni utaratibu wake: yeye hakuwa anakwenda kwa wagonjwa. Alikuwa anakwenda kwa waliokwisha kuzika. Wiki mbili baada ya msiba, watu wameshaondoka, sufuria zimeshaoshwa, utamkuta kwenye nyumba ile, amekuja na baiskeli, amekaa na mjane, hana turubai, hana karatasi ya bei, anauliza tu mnaendeleaje. Nikawa nawaambia watu, mwalimu anapalilia shamba lililokwisha vunwa. Watu walicheka. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba nyumba ikishafiwa mara moja itafiwa tena, na wakati huo ina namba ya mwalimu.

Lakini bado nilikuwa namshinda. Nilikuwa na masikio kwenye makanisa matatu, yeye alikuwa na baiskeli na huruma.

Kulikuwa na dalili na mimi nilizipuuza. Kwenye nyumba moja Musoma, mgonjwa aliponiona mlangoni aligeukia ukutani, akabaki hivyo mpaka nilipoondoka. Kwenye nyumba nyingine binti wa mgonjwa aliupokea mfuko wa kaki kwa ncha za vidole, na nikiwa natoka nilimsikia anamwambia mwenzake auweke nje. Sokoni, nikimsalimia mtu mzima akiwa anakohoa, alikuwa anaacha kukohoa. Wengine wangeona haya. Mimi nilihesabu kwamba jina limeenea, na jina likienea biashara imekomaa. Ndivyo walivyokuwa wanatufundisha kwenye semina.

Mama alizisikia habari hizo Guta. Alikuwa anasali Bunda mjini, na wanawake wa kanisani kwake hawakumficha kitu, walimwambia binti yako akiingia na sukari watu wanaandaa sanda. Alinieleza siku moja tukiwa tunachambua dagaa, bila kuinua macho.

"Watu wanakuogopaga, mwanangu."

"Wananiheshimu, mama."

"Siyo kitu kimoja hiyo."

Nilimwambia hajui biashara. Nilimwambia hivyo mwanamke aliyetusomesha watu wanne kwa kuanika dagaa juu ya mawe.

Basi mama akaanza kuugua. Presha, kisha miguu kuvimba, kisha akawa halali mpaka ategemezwe mito. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kumshonea turubai lake. Nililiagiza Mwanza, kitambaa kizito cheupe, upindo wa bluu, na madirisha ya pembeni ya kupitisha hewa ya ziwani. Sikuwahi kulikodisha. Lilikaa chumbani kwangu kwenye gunia, juu ya kabati, na wateja wakubwa waliliulizia nikawajibu limeharibika. Mama hakulijua. Unamwambiaje mzazi wako, mama, nimekushonea turubai la msiba wako, njoo ulione? Hakuna mlango wa kuingilia maneno hayo. Kwa hiyo nilinyamaza, nikajiambia ataliona siku yake, kama vile siku hiyo mtu anaona.

Nilikwenda Guta mchana wa siku ya kazi. Kaka yangu mkubwa, ambaye mama aliishi naye, alikuwa shambani. Nilimkuta mama amekaa kwenye godoro karibu na dirisha. Nikamwamkia, nikaweka mzigo mezani. Aliuangalia ule mzigo kwa muda.

"Hii sukari ni yangu," aliuliza, "ama ni ya wagonjwa wako?"

Nilikuwa nimeuchukua ule mfuko wa kaki stoo bila kufikiri. Mkono wangu ulikuwa umezoea. Ningeweza kupita sokoni nikamnunulia samaki, nikamnunulia kitenge, nikamnunulia chochote kile duniani. Nilicheka, nikamwambia ni yako mama, ya nani tena. Naye akatabasamu. Tukaongea habari za wajukuu. Baadaye nikamwambia natoka nje kunyoosha miguu.

Nilisimama uani. Kaburi la baba liko kushoto mwa nyumba, lina saruji, nililijengea mimi. Mama angelala pembeni yake, upande wa ziwa, hilo halikuhitaji mzee na fimbo. Nilianzia kwenye mpapai. Moja, mbili, tatu. Kumi na nne mpaka ukingo wa mahali pake. Nikageuka, nikaanzia ukutani mpaka kwenye minyaa. Saba. Turubai jeupe lingeingia lote, bila kukata mpapai, na mlango wake ungetazama kaburini, watu wote wakakaa kivulini wakimwona. Nilifurahi. Nalisema wazi, kwa sababu nimechoka kulificha: nilisimama mahali atakapozikwa mama yangu na nilifurahi kwamba vipimo vimekubali.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama dirishani, ameshika nondo.

"Hatua ngapi?" aliuliza.

Ningeweza kusema hatua za nini. Ningeweza kusema natafuta pete yangu. Nilikuwa mwongo hodari wa miaka mingi, na siku hiyo uongo haukuja.

"Kumi na nne kwa saba," nilisema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichotarajia kununua.

"Na mimi umeniweka wapi?"

Nilinyoosha kidole. Akapatazama pale kidogo.

"Haya," alisema. "Ingia unywe chai."

Tulikunywa chai. Yake aliniambia nisitie sukari.

Ule ndio ulikuwa wakati wa kumwambia kuhusu gunia lililoko juu ya kabati. Kikombe kilikuwa mkononi, alikuwa ananitazama, tulikuwa wawili tu. Sikusema. Watu wengi wangesema nilishindwa kwa aibu, na kwa miezi mingi nilijitetea hivyo. Ukweli nilikuwa nimekasirika. Nilimkasirikia mama yangu mgonjwa kwa kusimama dirishani, kwa kunijua, kwa kuniuliza swali lile kama vile mimi ni mtu baki aliyeingia uani kwake. Nilijiambia nikifa mimi kwanza ndipo atajua. Niliosha vikombe nikapanda gari nikarudi Musoma.

Baada ya hapo mama alipata nafuu, akaishi miezi mitano. Nilikwenda kila wiki mbili. Nilipeleka sato wabichi, nilipeleka kitenge, nilipeleka dawa. Sikutembea tena uani, nilitoka garini moja kwa moja mpaka mlangoni kama mtu anayeogopa mbwa. Hakunigusia ile habari. Hakununa. Alinicheka nilivyonenepa, alinifungia mihogo ya kuondoka nayo. Nikaona yameisha. Mimi niliyekuwa nasoma nyuso za wagonjwa wa makanisa matatu, uso wa mama yangu sikuusoma.

Kaka alipiga simu asubuhi, jua limeshatoka. Sikulia. Niliwaamsha wanaume wangu wawili wa kufunga, nikasema gari lioshwe. Tulipakia turubai jeupe likiwa bado kwenye gunia lake, nguzo mpya, kamba mpya, viti themanini vyeupe vilivyokuwa na karatasi zake. Njia nzima kutoka Musoma nilikuwa nawaelekeza: mpapai usiguswe, kigingi cha tatu kiwe mbali na saruji, mlango utazame kaburi. Tulipita Bunda nikiwa bado naongea. Mmoja alitaka kunipa pole, nikamwambia asikilize kwanza.

Tulipoingia Guta nililiona kabla hatujasimama. Turubai lilikuwa limefungwa. Bluu iliyochuja, kiraka kikubwa cha kijivu katikati, viti vya rangi kila aina. Mwalimu alikuwa anakaza kamba ya mwisho mwenyewe, amekunja suruali.

Nilishuka na kelele. Kwenye msiba wa mama yangu mzazi, mbele ya kwaya, nilimfokea mzee wa watu nani kamwita.

"Marehemu," alisema mwalimu.

"Marehemu anapigaje simu?"

"Alipiga miezi mitano imepita, dada. Nikataka nije nione uwanja. Akaniambia usijisumbue, mwalimu, vipimo ninavyo, nimepewa na binti yangu ambaye ndiyo kazi yake. Kumi na nne kwa saba. Akaniambia mpapai nisiukate." Aliifuta mikono kwenye suruali. "Pole sana."

Miezi mitano alikuwa nayo siri hiyo. Tulikutana Bunda mara mbili katika miezi hiyo, kwenye misiba ya watu, akanisalimia kwa heshima kama kawaida yake. Mimi siri ya mteja nisingekaa nayo hata siku mbili, ningeitumia.

Niliwageukia wanaume wangu, nikasema shusheni. Shusheni viti. Watu wengine walikuwa wamesimama juani, viti vya mwalimu havikutosha, hata kipofu angeona. Kaka akaja, akashika mlango wa nyuma wa gari.

"Mama aliacha neno," alisema. "Kiti chako kisishuke hata kimoja."

"Watu wamesimama, kaka."

"Wasimame. Alisema ukija na gari, gari likae nje. Wewe uingie. Alisema hivi: huyo siku hiyo aje kama mtoto."

Nilisimama pale. Walinizunguka watu wanaonijua kutoka Musoma mpaka Butiama, wateja wangu, wake za wateja wangu, wajane niliowahi kuwawahi. Hakuna aliyecheka, na ningeona nafuu wangecheka. Viti themanini vilikaa garini vimefungwa kamba, na watu wakasimama kuegemea gari hilo hilo, wakitafuta kivuli cha viti vyangu.

Niliingia. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui kukaa msibani. Miaka yote ile sikuwahi kuwa kwenye msiba bila kazi. Sikujua mtu anaweka mikono wapi. Mwanamke mmoja aliyekuwa mteja wangu, ambaye nilimtoza bei mbaya siku ya mumewe, alinivuta mkono akanikalisha kwenye mkeka. Nilingoja machozi. Hayakuja. Nilikaa macho makavu, simu mkononi, na kwa kuwa nilikuwa silii watu wakaanza kunifuata. Dada, chumvi iko wapi? Dada, wa Mwanza wamefika wapi? Dada, ng'ombe achinjwe sasa? Nikawa najibu. Nilimjibu kila mmoja mpaka jeneza lilipotoka. Mama aliomba kitu kimoja kutoka kwangu na sikuweza kumpa.

Turubai la mwalimu lilikaa sawasawa. Nililikagua, siwezi kujizuia. Hakuna kamba iliyogusa saruji.

Wiki mbili baadaye mwalimu alikuja Musoma kwa basi. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama getini, hana karatasi, hana sukari, amekuja kuuliza naendeleaje. Nilimwambia kutoka ndani kwamba nina kazi. Alingoja kidogo, akasema haya mama, Mungu akutie nguvu, akaondoka. Siku hizi upande wa Bunda wote ni wake. Sikuupigania.

Sasa hapo Butiama, semina ilipokwisha, wakati wanaume wangu wanafungua kamba, alinijia mwanamke mmoja muuza maziwa. Aliniambia anamwozesha binti yake mwezi ujao. Alikuwa anapapasa kile kitambaa cheupe kizito, upindo wa bluu, anachungulia kwenye madirisha ya pembeni.

"Nimelipenda hili," alisema. "Lakini dada, nikuulize, usinikasirikie. Sisi tunaogopaga. Hili halijawahi kufungwa msibani?"

Nilimtazama. Katika wateja wote niliowahi kuwa nao, huyo ndiye wa kwanza niliyemjibu bila kupunguza wala kuongeza.

"Halijawahi," nilisema.

Akalichukua.